Mwinueni Mzee Kitandani

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio moja jepesi kulieleza. Waliwachukua wazee 12 wenye afya njema, wastani wa umri wao miaka 67, wakawalaza kitandani kwa siku 10. Wazee hao hawakuwa na homa, hawakuvunjika, wala hakuna kisu kilichowagusa. Walilishwa, wakahudumiwa, wakalala. Walipoinuka, kwa wastani kila mmoja alikuwa amepoteza karibu kilo moja ya nyama za miguu, na nguvu za kunyoosha goti zilikuwa zimepungua kwa asilimia 16 hivi. Ni siku 10 tu, na watu wenye afya kabisa.

Sasa mfikirie bibi wa miaka 78 aliyeteleza usiku akielekea msalani. Mguu umekuwa mfupi kuliko mwenzake, wayo umegeukia nje, na hawezi kuukanyagia. Hiyo ni nyonga iliyovunjika, na ndiyo ajali inayowapeleka wazee wengi kwenye meza ya upasuaji wa mifupa. Atapelekwa hospitali ya wilaya, kisha ya rufaa. Akiwa Dar es Salaam pengine ataishia MOI, taasisi ya mifupa iliyoko Muhimbili, na akiwa kaskazini atafikishwa hospitali ya KCMC, Moshi. Daktari ataunga mfupa kwa vyuma, au ataondoa kichwa cha mfupa wa paja na kuweka cha bandia. Kazi hiyo humalizika kwa saa moja au mbili. Baada ya hapo bibi anakabidhiwa kwa watu ambao hawakusomea chochote: binti zake, wanawe, wakwe na wajukuu.

Na watu hao wanampenda. Wanampenda kiasi cha kutotaka ashushe mguu chini. "Tulia mama, tutakuletea hapo hapo." Uji unaletwa kitandani, maji ya kunawa yanaletwa kitandani, beseni linaingizwa chini ya shuka. Wageni wakija kumjulia hali, wanamkuta amelala chali, wanaridhika kwamba mgonjwa anapumzishwa. Mapenzi hayo ni ya kweli, na hakuna anayepaswa kuyabeza. Lakini kwa mzee aliyetoka kufanyiwa upasuaji, kulala mfululizo ni hatari kubwa kuliko kusimama.

Sababu zake zinaeleweka bila kusoma udaktari. Mapafu ya mtu anayelala chali hayajai hewa hadi chini; makohozi yanatuama na nimonia inapata pa kuanzia. Damu ya miguuni hutembea kwa kusukumwa na misuli ya mashavu ya miguu, na misuli isiyofanya kazi huiacha damu igande. Bonge likichomoka na kufika mapafuni linaweza kuua ndani ya dakika chache. Ngozi ya makalio na visigino, iliyobanwa kati ya mfupa na godoro, huanza kufa, na kidonda cha kulalia kikifunguka huchukua miezi kupona. Katika nchi zinazoweka kumbukumbu kamili, kati ya mzee mmoja katika kila watano na mmoja katika kila watatu waliovunjika nyonga hufariki kabla mwaka haujaisha. Wengi wao hawafi kwa sababu ya mfupa wenyewe. Wanakufa kwa hayo yanayofuata.

Waingereza walijifunza somo hili kwa taabu. Zamani mgonjwa wa nyonga alining'iniziwa uzito mguuni na kulazwa kwa miezi. Katikati ya karne ya 20, kwenye mji mdogo wa Hastings, daktari bingwa wa mifupa Michael Devas alishirikiana na tabibu wa wazee Bobby Irvine, wakawa wanawapitia wagonjwa pamoja, lengo lao likiwa mzee asimame mapema na arudi kwake. Mwaka 2007 Uingereza ilianzisha daftari la taifa la kufuatilia kila mgonjwa wa nyonga iliyovunjika, na mwongozo wa mwaka 2011 ukasema wazi: mgonjwa afanyiwe upasuaji siku anayofika au kesho yake, na siku inayofuata upasuaji asimamishwe. Mwaka daftari lilipoanza, wagonjwa karibu 11 katika kila 100 walikuwa wanafariki ndani ya siku 30. Kufikia 2011 walikuwa wamepungua hadi kati ya wanane na tisa.

Kwetu, upasuaji wa siku ya kwanza ni bahati. Familia inatafuta fedha za vyuma, ndugu wanatafutwa wachangie damu, na mara nyingi mzee amekwisha kupita kwa mtaalamu wa jadi wa kuunga mifupa kabla hajafika hospitali. Anaingia thieta akiwa ameshalala wiki moja au zaidi. Hilo linaongeza haraka ya kumwinua baadaye. Siku alizokwisha kupoteza kitandani hazirudi, basi angalau zisiongezwe nyingine.

Kumwinua kwenyewe kuna utaratibu, na mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kumfundisha ndugu kwa nusu saa. Kwanza swali la lazima kwa daktari: je, mguu huu unaruhusiwa kubeba uzito, na kiasi gani? Nyonga nyingi zilizotengenezwa vizuri hukanyagiwa kesho yake, lakini si zote. Kisha dawa ya maumivu itangulie. Mzee apewe kidonge chake nusu saa hadi saa moja kabla ya mazoezi, kwa kuwa anayeumwa hawezi kusimama, na wazee wengi, hasa wanaume, watasema "siumwi" huku jasho likiwatoka. Akae ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, apumue kwa nguvu mara kadhaa na kusubiri kizunguzungu kipite. Ndipo asimame, mikono ikiwa kwenye fremu ya kutembelea au magongo, ndugu akiwa upande wake amemshika kiunoni. Kumvuta kwa mikono ni kosa linaloonekana katika kila wodi. Bega la mzee huteguka kirahisi. Siku ya kwanza hatua tatu zinatosha. Siku ya pili afike kwenye kiti, akae humo ale chakula cha mchana. Penye ngazi, mguu mzima ndio unaotangulia kupanda, na ule ulioumia ndio unaotangulia kushuka.

Mzee anayekataa kusimama mara nyingi haogopi maumivu. Anaogopa kuanguka tena. Hofu hiyo haiondolewi kwa kukaripiwa na watoto aliowazaa. Inapungua anapoona kwamba jana alifika mlangoni na leo amefika barazani, na kwamba aliyemshika hana haraka ya kwenda popote.

Kuna jambo jingine linalotisha familia kuliko kidonda, na halizungumzwi vya kutosha. Usiku wa pili au wa tatu baada ya upasuaji, mzee aliyekuwa na akili timamu anaanza kuweweseka. Anawaita watu waliokwisha fariki. Anang'oa dripu. Anamwambia binti yake aliyekesha naye kwamba ni mwizi, au anataka kushuka kitandani aende shamba usiku wa manane. Asubuhi anaweza kuwa mzima kabisa, na jioni yakarudi. Hapo minong'ono inaanza: nusukaputi imemharibu akili, amerogwa, mashetani yamempanda. Wengine wanamfunga mikono kwa kanga, na kumfunga kunamzidishia fadhaa.

Madaktari huiita hali hiyo deliriamu. Ubongo wa mzee uliokuwa unajimudu vizuri siku za kawaida unaelemewa na mambo mengi kwa pamoja: maumivu, upungufu wa maji, maambukizi ya mapafu au mkojo, choo kilichofunga, kibofu kilichojaa, dawa kali, kukosa usingizi, chumba kigeni chenye taa zisizozimwa. Haifanani na ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, ambao huja polepole kwa miaka; hii inaingia kwa saa au siku chache na kupanda na kushuka. Iko pia namna yake ya kimya, ambayo ndiyo inayoponyoka macho ya watu. Mzee analala mchana kutwa, anajibu kwa shida, hataki kula, na ndugu wanasema jamani muacheni apumzike. Yote mawili ni dalili kwamba kuna kitu mwilini hakiendi sawa, na muuguzi anapaswa kuambiwa siku hiyo hiyo.

Kinachotia moyo ni kwamba sehemu kubwa ya tatizo hili inazuilika, na kwa vitu ambavyo havinunuliwi duka la dawa. Mwaka 1999 daktari Sharon Inouye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 852 wenye umri wa miaka 70 na zaidi waliolazwa hospitalini. Hawa walikuwa wa magonjwa ya kawaida, si wa upasuaji, lakini njia yao imeenea hadi wodi za upasuaji. Miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida, 15 katika kila 100 walipatwa na deliriamu. Katika kundi lililopewa uangalizi maalumu, idadi ilikuwa 10 hivi. Uangalizi huo ulikuwa nini? Kumkumbusha mgonjwa leo ni siku gani na yuko wapi. Kumpa miwani yake na kifaa chake cha kusikilizia. Kumnywesha maji. Kumtembeza mara kadhaa kwa siku. Na usiku, badala ya kidonge cha usingizi, maziwa ya moto au chai ya mitishamba, muziki laini, na kukandwa mgongo.

Hospitali ile iliajiri wafanyakazi na kufundisha watu wa kujitolea ili wafanye kazi hiyo. Afrika Mashariki watu hao wapo tayari, wamesimama nje ya geti wakiwa na vyombo vya chakula, wakisubiri saa ya kuona wagonjwa. Sauti ya mjukuu anayesimulia habari za nyumbani, miwani iliyoletwa kutoka droo ya kabati, meno ya bandia, kofia ya baba, kanga safi badala ya gauni la hospitali mchana: vyote hivyo ni tiba. Mzee aliyevaa nguo zake hujikumbuka ni nani. Hospitali zinazobana sana saa za ndugu kuingia zina sababu zake, usafi na msongamano vikiwa mbele. Hata hivyo mzee aliyechanganyikiwa anastahili kuruhusiwa ndugu mmoja wa kukaa naye. Hiyo si fadhila. Ni sehemu ya matibabu yake.

Chakula nacho kina mazoea yanayohitaji kunyooshwa. Mwili unaounga mfupa na kufunga kidonda unahitaji protini kuliko kawaida. Wataalamu wa lishe ya wazee hupendekeza gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa hiyo bibi wa kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90, isipokuwa daktari wa figo ameagiza vingine. Yai moja lina gramu sita hivi, glasi ya maziwa nane. Uji mtupu wa mahindi una kidogo mno, na supu ya mifupa inayosifiwa sana ni maji yenye ladha nzuri ikiwa nyama imebaki sufuriani. Basi uji utiwe karanga zilizosagwa na maziwa, dagaa watwangwe, maharage na kunde vipondwe visimsumbue asiye na meno, samaki atolewe miiba. Ale kidogo mara tano au sita kwa siku, kwa sababu sahani iliyojaa humkatisha tamaa kabla hajaanza.

Kuhusu maji kuna siri ambayo wazee hawaisemi. Wengi wanajinyima kunywa makusudi, ili wasimsumbue mtu kuwapeleka chooni. Wanaona haya. Matokeo yake ni mkojo wenye maambukizi, choo kigumu na akili kuvurugika. Dawa ya jambo hili ni ratiba isiyosubiri mzee aombe: kila baada ya saa mbili au tatu mtu anakuja, anamwambia twende, na wanakwenda. Safari hizo zenyewe ni mazoezi bora kuliko yote. Papai na mboga za majani husaidia choo, hasa kwa anayetumia dawa kali za maumivu kama tramadoli, ambazo hufunga tumbo.

Choo chenyewe kinahitaji kutazamwa kabla mgonjwa hajarudi. Mwenye kichwa cha nyonga cha bandia huweza kuambiwa asikunje nyonga kupita pembe ya kiti cha kawaida kwa majuma kadhaa, maana kiungo kinaweza kuchomoka. Choo cha kuchuchumaa hakimfai hata kidogo. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti imara cha mbao chenye tundu, kikawekwa juu ya shimo. Kiti cha plastiki kilichotobolewa huteleza na kuvunjika, tena mahali pabaya pa kuanguka. Kigoda cha jikoni na mbuzi ya kukunia nazi viwekwe kando kwa muda. Kitanda cha kamba kilicholegea kinamzamisha mzee hata ashindwe kujiinua. Ubao chini ya godoro unasaidia. Mikeka iliyokunjika pembe, maji sakafuni, na giza kati ya chumba na choo ndivyo vilivyomwangusha mara ya kwanza. Taa ndogo ya sola inatosha.

Kwa mzee wa Kiislamu aliyezoea kusujudu maisha yake yote, swala ni jambo linalomkosesha raha kuliko nyonga. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kuswali ameketi, na watoto wanajua hivyo, lakini wazee wengi hulipokea neno hilo vizuri zaidi likitoka kwa imamu wa msikiti wao. Mwombeni aje.

Na nani atamwogesha? Swali hili liulizwe kabla ya upasuaji, si baada. Katika jamaa nyingi mkwe hawezi kumwogesha baba mkwe, wala mtoto wa kiume mama yake, na heshima hiyo ina uzito wake. Mara nyingi mzigo wote unamwangukia binti mmoja, yule anayeonekana hana kazi, kumbe ana genge lake sokoni linalolisha watoto. Anaacha biashara, anakesha, mgongo unamuuma, na baada ya mwezi naye ni mgonjwa. Kikao cha familia kinachochanga fedha za upasuaji kigawe pia usiku na mchana, na watoto wa kiume wapewe zamu zao. Kutuma pesa kwa simu kunasaidia, lakini pesa haimgeuzi mzee ubavu saa nane za usiku. Mzee mwenyewe awepo kwenye kikao hicho. Ni mwili wake unaozungumzwa.

Dawa zinataka uangalifu wa aina yake. Diklofenaki, inayouzwa kila kona kwa maumivu ya mgongo, inaweza kuumiza figo na kutoboa tumbo la mzee, hasa anayetumia dawa za presha. Piritoni, ambayo wengi humpa mzee ili apate usingizi, imo katika orodha inayotumiwa na madaktari duniani ya dawa za kuepukwa uzeeni, kwa sababu huvuruga akili na kufunga mkojo. Diazepamu nayo ni vivyo hivyo, na huongeza kuanguka. Parasetamoli kwa saa zilizopangwa, bila kuzidisha kipimo, ndiyo msingi ulio salama zaidi. Kama daktari ametoa dawa ya kuzuia damu kuganda, iendelee hadi siku ya mwisho aliyoandika, hata kama mzee anaonekana amepona. Na mguu uliovimba usikandwe kwa maji ya moto wala mafuta kabla ya daktari kuuona. Bonge la damu likiwa ndani, kukanda kunaweza kulichomoa.

Zipo dalili zisizongoja kesho. Kukosa pumzi ghafla au maumivu ya kifua. Shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma. Homa, usaha, au kidonda kunuka. Mguu uliokuwa umenyooka kuonekana mfupi tena na kugeukia nje. Mkojo kutotoka. Akili kubadilika ghafla. Kwa lolote kati ya hayo, tafuteni usafiri usiku huo huo.

Tanzania ilipata Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, na katika hospitali nyingi sasa kuna dirisha la wazee ili wasipange foleni. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote waliofikisha miaka 70. Hatua hizi ni za kushukuriwa, ila zinamsaidia mzee kufika hospitali kuliko zinavyomsaidia kutoka. Wataalamu wa fiziotherapia hawatoshi, wengi wako mijini, na mgonjwa aliyerudi Handeni au Ngara haendewi nyumbani na yeyote. Mpaka hilo litakapobadilika, mtaalamu wake atakuwa mtoto wake, na mafunzo ya mtoto huyo ni wajibu wa hospitali kama ilivyo wajibu wake kutoa nyuzi.

Kwa hiyo ndugu msomaji, siku mzee wako atakapopewa ruhusa, usitie saini karatasi ukaondoka. Mwombe muuguzi au mtaalamu wa mazoezi amwinue mzee mbele yako, kisha wewe umwinue mbele yake, na mrudie hadi atakaporidhika kwamba unaweza.